Alimpiga Mara Moja

Wiki yangu ya mwisho kazini, Rehema wa masjala aliniita kwenye kompyuta yake. Rehema ni karani mzuri, mwepesi wa mikono, na ana heshima zake. "Shikamoo mama. Njoo uone, nimejirahisishia kazi." Alikuwa ametengeneza ukurasa wa sentensi zilizo tayari. Shahidi akisema amepigwa, Rehema anabofya mahali, sentensi inajaa yenyewe: mshtakiwa alinipiga tena na tena sehemu mbalimbali za mwili. Shahidi akisema ametishiwa, anabofya pengine. Alikuwa anatabasamu, anasubiri nimsifu. Mimi nilipandwa na hasira mpaka nikashika mgongo wa kiti. Nikamwambia, "Futa." Akadhani natania. Nikamwambia mara ya pili, kwa sauti iliyofanya ofisi nzima igeuke, na yule binti akafuta huku machozi yakimlengalenga.

Sikumweleza sababu. Siku tatu baadaye waliniaga kwa soda, keki na saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndipo ninapohitaji kuwahi mahali. Kila aliyesimama alisema nimetumikia kwa uadilifu. Nilikaa pale nimevaa kitenge kipya nikilisikiliza neno hilo, nikanyamaza, maana kunyamaza ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Sasa sina bosi wala sina tena jalada mezani. Rehema, na ninyi wenzake mnaokuja nyuma, hii hapa sababu.

Vyeo na mishahara siandiki. Mnavijua, na havina hadithi. Mahakama nilizofanyia kazi mkoani Singida ni tatu, na sitasema jambo hili lilitokea katika ipi. Majina ya watu nimeyabadilisha yote, isipokuwa la kwangu, Salome.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa na cheti cha uchapaji na viatu vya kuazima. Masjala ilikuwa chumba kimoja chenye majalada mpaka darini, na panya walioyajua majalada hayo kuliko hakimu. Nilipewa mashine ya kuchapa ya chuma ambayo herufi moja ilikuwa imekatika, kwa hiyo kila ukurasa nilimaliza kwa kalamu. Tulichapa nakala nne kwa karatasi za kaboni. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili inasomeka, ya tatu ukiipeleka dirishani inasomeka. Ya nne ilikuwa ya kubahatisha, na kwa utaratibu wa ofisi, hiyo ndiyo aliyopewa mfungwa.

Aliyenipokea ni Mzee Zakaria, karani mkuu na mkalimani. Alivaa koti la kahawia jua liwe kali namna gani, na mfukoni alikuwa na kalamu tatu ambazo hakumwazima mtu. Alijua Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo, na Kiingereza alichofundishwa na wamisionari kwa fimbo. Kila ninachokijua cha kazi hii alinifundisha yeye. Alinifundisha kushona jalada lisimwage karatasi, kumwita shahidi mlangoni kwa sauti inayofika barabarani, na kumuuliza mtu dini yake kabla ya kumshikisha kitabu cha kiapo, kwa sababu jina la mtu halikwambii anasali wapi. Nilimpenda kama baba. Nasema hivyo mapema, ili mkisikia hasira yangu juu yake mjue inatoka wapi.

Wakati huo kumbukumbu za mahakama ya wilaya ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa mle ndani hakuna aliyekuwa anaongea Kiingereza. Shahidi alisema Kiswahili, hakimu akageuza kichwani na kuandika Kiingereza kwa mkono, na sisi sote tukaisubiri kalamu yake. Shahidi asiyejua Kiswahili alihitaji mkalimani. Njia halali ilikuwa kutoa kwanza Kiswahili, kwa sauti, ili mshtakiwa asikie anachosemwa. Mzee Zakaria alikuwa na njia yake ya mkato. Lugha ya nyumbani iliingia sikioni mwake, Kiingereza kikatoka mdomoni, hakimu akaandika kama mwanafunzi wa imla. Mshtakiwa alipewa Kiswahili mwishoni, kwa ufupi, kama muda ulibaki.

"Hakimu ana kesi kumi na mbili leo, binti," aliniambia. "Ukimpa sentensi asiyoizoea atasimama. Atakuuliza. Mtaanza kubishana, na saa saba hiyo. Mpe anazozijua."

Zile anazozijua zilikuwa kwenye kauntabuku yenye jalada jeusi, aliyoiandika mwenyewe kwa miaka mingi. Kurasa na kurasa za sentensi za Kiingereza zilizopangwa kwa makosa: wizi, matusi, kujeruhi, mifugo kuingia shambani. Na karibu kila ukurasa ulikuwa na maneno matatu, "again and again", yaani tena na tena. Alinipiga "again and again". Nilimwonya "again and again". Waliingia shambani kwangu "again and again". Mzee alisema maneno hayo yana uzito, hakimu akiyasikia kalamu inakimbia yenyewe. Nikayakariri. Mtu akipigwa makofi mawili, "again and again". Ng'ombe wakiingia shambani siku tatu, "again and again". Jirani akitukana mara moja lakini kwa sauti kubwa, tukampa "again and again" ya bure. Ukisoma majalada ya miaka ile utadhani mkoa mzima wa Singida hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo mara moja akaacha.

Nami nilijiona msomi. Mzee alipoanza kuchoka, mashahidi wa Kinyaturu wakawa wangu, kwa kuwa hiyo ni lugha ya mama yangu mzazi. Mahakimu walinipenda. "Mpeni Salome, kesi itaisha mapema," walisema, na zilikuwa zinaisha mapema kweli.

Kesi ya Elia ilikuja nikiwa na zaidi ya miaka kumi kazini. Sina pa kujificha, sikuwa mgeni.

Elia alikuwa Mgogo wa Manyoni, kijana mtulivu wa miaka thelathini hivi, aliyeoa Mnyaturu upande wa Ikungi akahamia huko kulima alizeti kwenye shamba la ukweni. Kinyaturu hakukijua, zaidi ya salamu. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakiingia kwenye alizeti yake, na siku moja aliwakuta humo tena na mchungaji wao, kijana wa rika lake. Wakagombana. Elia alikuwa na jembe. Akampiga yule kijana na mpini, akamvunja mkono. Hakukana. Alipelekwa polisi, akasema nimempiga, nilikasirika, naomba msamaha. Shtaka lilikuwa kujeruhi, na swali lililobaki kwa hakimu lilikuwa moja tu: huyu ni mtu aliyepandwa na hasira akapiga akaacha, au ni mtu aliyekusudia kumwumiza mwenzake? Jibu la kwanza lilikuwa la faini na fidia. Jibu la pili lilikuwa jela.

Aliyeona ni mtu mmoja, Bibi Naomi, bibi wa mke wake Elia, aliyekuwa anachuma mlenda pembeni mwa shamba. Upande wa mashtaka ndio uliomwita. Alikuja na viatu mkononi, akavivaa mlangoni. Nikamuuliza dini, nikampa Biblia, akaapa. Mbele yake alikuwa hakimu, kainamia karatasi. Nyuma yake kizimbani alikuwa Elia. Mke wa Elia, Neema, alikuwa nje na mtoto mgongoni, maana alikuwa shahidi wa mumewe na shahidi haruhusiwi kusikiliza wenzake.

Bibi Naomi alieleza vizuri kuliko mashahidi wengi waliosoma. Alisema ng'ombe waliingia siku nyingi. Elia akaenda kwa mwenye ng'ombe akasema, akarudi tena akasema, hakusikilizwa. Siku ile alimwambia kijana atoe ng'ombe, kijana akacheka. Elia akampiga na mpini wa jembe. "Mara moja," Bibi alisema, na akainua kidole kimoja mbele ya kifua chake, akinionyesha mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza. Kijana akaanguka. Elia akatupa jembe, akakaa chini kwenye udongo, akashika kichwa.

Nikageuka kwa hakimu. Na mdomo wangu, kabla sijaufikiria, ukatoa sentensi ya ukurasa wa kujeruhi: "The accused hit him again and again."

Nilijisikia nikisema. Nataka mlielewe hilo, msije mkanitetea. Sikusikia vibaya, Bibi hakuongea kwa mafumbo, na wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka, ilikuwa kesi ya saba, na sentensi ilikuwepo tayari, nikaitoa. Nikaiona kalamu ya hakimu inakimbia, kama Mzee alivyoahidi. Nilikuwa na muda wa kusema, "Mheshimiwa, samahani, nimekosea." Ni maneno matatu. Bibi alikuwa bado ananitazama, kidole kikiwa juu, anasubiri nimruhusu aendelee. Nikamwambia endelea.

Alipomaliza, nikampa Elia Kiswahili chake cha ufupi. "Bibi ameeleza ng'ombe walivyoingia shambani na jinsi ulivyompiga kijana. Una swali la kumuuliza?"

Elia hakuwa na wakili. Akasema, "Sina swali, Mheshimiwa. Huyu ni bibi yangu. Amesema alichokiona."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa hakupinga.

Mchana nilimkuta Mzee Zakaria chini ya ukuta wa masjala anakula karanga. Nikamweleza. Akauliza nilisema nini, nikamwambia. Akauliza Bibi alisema nini, nikamwambia mara moja. Aliendelea kumenya.

"Mfupa si umevunjika?" akasema. "Mara moja, mara tano, mfupa ni uleule."

"Mzee, nimrudie hakimu nimwambie?"

"Mwanangu, mkalimani hajisahihishi. Ukijisahihisha leo, kesho kila aliyefungwa atauliza kwake ulikosea wapi. Na mimi nimetafsiri humu miaka ishirini na nane. Unataka wafungue yote?"

Nilipata nafuu. Katika mambo yote ya kesi ile hilo ndilo linalonichoma zaidi mpaka leo. Mtu niliyemheshimu aliniambia ninyamaze, na badala ya kukasirika nilishusha pumzi, nikachukua karanga mkononi mwake, nikala.

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Kulikuwa na fomu ya PF3 mle jaladani, ile ya polisi ya matibabu ya majeruhi, daktari ameandika kwa mkono wake kwamba amekuta jeraha moja, mfupa mmoja, basi. Mtu yeyote mwenye macho angeuliza: mapigo mengi yaliacha alama gani? Hakimu hakuuliza. Alisema jeraha kuwa moja hakuzuii mapigo kuwa mengi. Alisema ameegemea ushahidi wa bibi wa familia, mama mtu mzima asiye na sababu ya kumsingizia mkwe wake. Akaisoma sentensi yangu kama ilivyo. Mtu anayepiga hivyo, akasema, hasira ilikwishamtoka, aliyebaki ni ukatili. Miaka minne.

Kazi ya kumwambia Elia ilikuwa yangu. Nikasimama karibu na kizimba nikamweleza kwa Kiswahili, safari hii taratibu, bila kufupisha. Nilipofika kwenye maneno ya Bibi, alinikatisha.

"Mama, nilimpiga mara moja."

Nikaendelea na hukumu.

"Bibi aliona. Alikuwa pale pale. Kwa nini amesema hivyo?" Hakuwa anamuuliza hakimu. Alikuwa ananiuliza mimi, kama mtu anavyomuuliza mwenzake aliyekuwepo. "Mama, wewe unakijua Kinyaturu. Kwa nini Bibi amesema hivyo?"

Na mimi nikamwambia, "Mshtakiwa, nyamaza, Mheshimiwa anaendelea."

Nimeandika sentensi hiyo hapo juu mara nne na kuifuta mara tatu. Inabaki. Mnaposikia watu wakisema Salome alitumikia kwa uadilifu, ikumbukeni.

Mwezi uliofuata Neema alikuja masjala kuomba mwenendo wa kesi, ili mumewe akate rufaa. Alikuwa amekonda. Alinisimulia bila kuulizwa, kwa kuwa aliniona mama wa kwao. Nakala ya hukumu ilisomwa nyumbani na mjomba wake aliye mwalimu, akaitafsiri mbele ya ukoo wote. Bibi Naomi akakataa, akasema hakusema hivyo, alisema mara moja.

"Sasa mama, mahakama itaandika uongo kwa faida ya nani?" Neema akasema. "Bibi yangu mwenyewe amemfungisha mume wangu, halafu anaruka. Mjomba anasema ni uzee. Mimi nasema ni roho mbaya, maana tangu mwanzo hakutaka niolewe na Mgogo. Hatumpelekei tena hata maji."

Nilimgongea muhuri kwenye barua yake. Nikamwambia mwenendo utakuwa tayari Ijumaa.

Nikakaa kuuchapa. Ukurasa wa kumi na moja, mstari ule, mwandiko wa hakimu unaolala kulia. Nilikuwa na uwezo wa kuchapa neno moja badala ya matatu, na nani angejua? Lakini hapo ndipo uadilifu wangu ulipokuja juu, mnaona? Kughushi kumbukumbu ya mahakama ni kosa la jinai, nikajiambia, mimi si mtu wa kughushi. Nikachapa uongo wangu kwa uaminifu, nakala nne. Njia ya haki ilikuwepo na niliijua: kula kiapo cha maandishi kwamba nilitafsiri vibaya, kikaambatanishwa na rufaa. Nilikiandika, nusu ukurasa. Mzee Zakaria alikikuta mezani akakisoma akiwa amesimama. Hakunifokea. Alisema, "Nimebakiza miezi mitatu, Salome. Nisubiri nitoke." Nikakikunja nikakiweka kwenye droo. Miezi mitatu ilipokwisha, tukamuaga kwa soda, rufaa ilikuwa imekwisha kutupwa. Majaji wa rufaa husoma karatasi, na karatasi ilisema nilichosema.

Elia alikaa ndani mpaka alipomaliza.

Tangu siku ile ya rufaa nilibadilika, na hapa naandika kwa ajili ya kazi yenu, si kwa kujisafisha. Kauntabuku ya Mzee niliichana ukurasa kwa ukurasa, nikafungia sabuni. Shahidi akisema "alinipiga", nilimuuliza mara ngapi, kwa nini, kwa mkono upi. Akisema hajui, nilimwambia hakimu hajui. Nilitoa Kiswahili kwanza, kwa sauti, nimemgeukia mshtakiwa, hata hakimu akipiga meza. Nilijisahihisha hadharani, wakati mwingine mara mbili asubuhi moja, na jengo halikuanguka. Waliacha kusema "Mpeni Salome." Walisema Salome anachelewesha. Mwendesha mashtaka mmoja alinipa jina la Bi. Mara Ngapi, na mpaka nastaafu wako walioniita hivyo wakidhani sijui. Msinipongeze. Bibi Naomi alikuwa anachota maji mwenyewe muda wote huo.

Sasa kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiswahili, na mlishangilia, nami nilishangilia. Nilidhani ugonjwa ulikuwa Kiingereza. Halafu nikaona ukurasa wako, Rehema, sentensi zimejipanga, Kiswahili fasaha kabisa, zinamsubiri shahidi ambaye hajazaliwa.

Wiki moja baada ya kuniaga, nilipanda gari la Ikungi, nikamalizia kwa bodaboda. Bibi Naomi yuko hai. Ni mzee sana, mgongo umepinda, lakini macho yanaona. Nilimkuta uani anapeta mtama, peke yake. Nikamwamkia kwa Kinyaturu nimepiga goti.

"Wewe ni wa mahakamani," akasema.

Nikamwambia ndiye mimi. Nikamwambia yote, nikiwa bado chini. Nilimweleza alichosema yeye, nilichosema mimi, kidole alichoinua, na kwamba nilijua palepale, na nikanyamaza miaka ishirini na kitu. Aliendelea kushika ungo, mtama umetulia.

"Waliniambia ni uzee," akasema mwishowe. "Sikuwa mzee. Nilikuwa nalima. Walisema karatasi haisahau, mimi ndiye ninayesahau. Nikakataa mwaka wa kwanza, nikakataa wa pili. Elia akatoka, akapita hapa mbele yangu bila kuniamkia, na mpaka leo hajaniamkia. Mjukuu wangu ameuguza, amezaa, amezika mtoto, sikuitwa." Akaweka ungo chini. "Unajua ulichonifanya? Mwisho nilianza kujiuliza mwenyewe. Labda nilisema. Nimelala na hilo. Labda nilisema kweli."

Nilianza kumwomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono. Mama mmoja alikuwa anapita njiani na ndoo. Bibi akamwita kwa sauti ambayo sikudhani mwili ule unayo. Mama akaingia, akatusalimia.

"Mwambie," Bibi akaniambia.

Nikamwambia yule mama. Bibi alisema mara moja, mimi nikasema uongo. Mama akashika mdomo. Bibi akamwambia aende amwite mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alipofika, Bibi akasema, "Mwambie." Nikamwambia. Akaja mzee wa kanisa. Wakaja wanawake wawili kutoka kisimani. Akaja mjomba, yule mwalimu, sasa naye amestaafu, ana miwani ya kusomea shingoni. Kwake nilitaka kufupisha, kwa kuwa koo lilikuwa limekauka, Bibi akagonga ardhi na fimbo. "Toka mwanzo. Ng'ombe walipoingia." Nikaanza toka mwanzo. Hakunipa kiti wala maji, na sikutegemea anipe. Kila aliyeingia nilimweleza yote, na Bibi alisikiliza kila neno, midomo yake ikifuatisha, kuhakikisha sipunguzi wala siongezi.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka Neema alipoingia na Elia. Habari ilikuwa imewafikia shambani. Neema alianza kulia langoni. Elia ana mvi sasa. Alisimama mbali kidogo, hakumtazama Bibi, alinitazama mimi, na alinitambua mara moja.

"Mwambie na huyu," Bibi akasema. "Kwa Kiswahili. Asikie mwenyewe."

Nikasimama. Nikamwambia Elia kwa Kiswahili alichosema Bibi siku ile, neno kwa neno, na nilichokitoa mimi mdomoni badala yake. Nikamwambia alipouliza kwa nini Bibi amesema hivyo, nilikuwa najua. Alivua kofia, akapita mbele yangu kama vile sipo, akapiga goti kwenye mtama uliomwagika.

"Shikamoo Bibi," akasema.

Bibi Naomi hakuitikia. Alimtazama utosini, kisha akanigeukia.

"Mwambie tena," akasema. "Toka mwanzo."